Kabla ya kumpa Tom kura, mtajeni mtunzi

Wiki hii mmeuliza: kati ya Tom, Jerry, Bugs Bunny na Donald Duck, nani bingwa wa katuni fupi za zamani? Nitajibu, ila kwanza kuna watu wa kutajwa. Hao wanne hawakujitungia vituko vyao. Kuna mtu aliyekesha akiwaza paka ateleze wapi, na mara nyingi jina lake halikuonekana.

Katuni ya kwanza ya Tom na Jerry, Puss Gets the Boot ya 1940, ilitoka na jina la Rudolf Ising, ilhali walioiongoza ni William Hanna na Joseph Barbera. Baadaye majina yao yakawekwa, lakini tuzo 7 za Oscar za katuni hizo alizipokea prodyuza, Fred Quimby. Kwa Disney, Carl Barks alitunga visa vya Donald miaka ya 1930 bila kutajwa. Akahamia kwenye vitabu vya katuni, na huko nako likachapwa jina la Walt Disney.

Linaniuma kwa sababu ya mjomba wangu, mtunzi wa mashairi ya taarab kule Tanga. Jioni moja alitukuta watoto tumejazana mkekani kwa jirani, tunatazama Tom na Jerry. Kila jina la Fred Quimby lilipotokea tulilisoma kwa sauti, wote kwa pamoja. Akauliza, "Huyo ndiye mtunzi?" Tukamjibu, "Katuni haitungwi, Mjomba, inachorwa tu." Hakucheka. Akavua viatu, akaketi katikati yetu. "Haya tazameni. Panya kapita kwenye sahani, hakugusa kitu. Sasa karudi, kaangusha moja. Akirudi tena?" Tukapiga kelele: zote! Zikaanguka zote. "Basi mtu kakaa akapanga hivyo, kama mimi ninavyopanga beti." Mwenye nyumba akaleta kahawa na kashata, Mjomba hata hakuona. Akaendelea kutuuliza kila kituko kinakwenda wapi, na akikosea yeye anafurahi zaidi: "Kanishinda huyu!" Shairi lake wakati huo likiimbwa katika kila harusi mtaani, na redioni anatajwa mwimbaji, kinatajwa kikundi, basi.

Nilitaka kudai kila katuni iandikwe mtunzi wake mmoja. Ila nikiwafikiria Warner Bros., waliomtengeneza Bugs Bunny, najikuta nalegea. Waandishi wao Michael Maltese, Warren Foster na Tedd Pierce walichangiana vichekesho, na kuna wakati jina la mmoja liliwekwa kwa zamu. Chuck Jones, mwongozaji wa katuni zao, amesimulia vikao vyao vya saa mbili ambavyo kusema "hapana" kulikatazwa. Ukitoka humo utajuaje wazo lilikuwa la nani? Pamoja na hayo, tangu 1943 katuni zao nyingi zilipotolewa upya majina yalikatwa kabisa, wakaachwa bila hata hiyo zamu. Hilo silisamehe.

Kwa haki ningempa kura Bugs Bunny, kwa Rabbit of Seville ya 1950, maana Maltese ametajwa humo kama mwandishi. Lakini sijawahi kuchekeshwa na Bugs kama nilivyochekeshwa na Tom. Nampa Tom, kwa sharti moja: mkichapa matokeo, Hanna na Barbera wawe juu ya Quimby.