Kabla ya Kuongeza Wati, Saka Kelele

Mara ya kwanza kuingia CQ World Wide, shindano la dunia la redio za ridhaa la kuwasiliana na stesheni nyingi, nilikuwa na redio ya kujiundia, wati 5 tu, nikadhani shida yangu ni nguvu. Nikashuka Luthuli Avenue, nikatafuta transista za IRF510, nikaunda amplifaya ya wati 50. Jumamosi saa tisa usiku shindano likafunguliwa. Nikaita mpaka koo likakauka, nikaambulia wachache. Baadaye jamaa yangu aliyekuwa akisikiliza kutoka Mombasa akacheka: "Waitaliano wamekuita weee, umenyamaza tu!"

Kumbe kiziwi ni mimi. Mvumo pekee ulikuwa ukisimamisha mshale kwenye S7, yaani alama ya saba ya kipimo cha nguvu ya mawimbi yanayoingia redioni.

Sisi Kenya tuko kanda ya 37 kwenye ramani ya shindano hilo na washindani wanaisaka kwa pointi, kwa hiyo watakuita hata ukiwa dhaifu. Piga hesabu: kutoka wati 5 hadi 50 ni desibeli 10, haifiki hata alama mbili za S (kila moja desibeli 6). Kushusha kelele kutoka S7 hadi S3 ni desibeli 24, na haikugharimu transista hata moja.

Nilichukua redio ndogo ya betri, nikaiweka AM pasipo stesheni, nikazunguka nayo ploti nzima usiku kama mchawi. Kwenye taa ya LED ya ngazi ikanguruma. Nilinunua balbu nyingine nikabadilisha mwenyewe. Kumngoja mwenye nyumba ni kungoja meli Nairobi. Lakini mkosaji mkubwa alikuwa chaja ya simu yangu, hatua tatu kutoka mezani. Siku hizi redio inakula betri ya gari, na stima ikipotea nasikia vizuri zaidi.

Amplifaya sikuitupa. Ukiunda yako, usiruke kichujio cha kutokea: ukitangaza megahezi 7 bila hicho, mwangwi wake wa mara mbili unatua megahezi 14. Leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano iwe mkononi kabla ya hapo.

Antena yangu ya megahezi 14 ni waya wa mita 10.1, nusu huku nusu kule, juu ya kamba za nguo. Kata mrefu kidogo kisha punguza ukipima. Ncha zipandishe juu ya vichwa vya watu, zinachoma. Na jirani akianika mablanketi mabichi chini yake, usikate kitu: ngoja yaanuliwe, upime tena.