Muulize Mchungaji: Je, kila taabu ni msalaba?

SWALI: Shikamoo Mchungaji. Mama mkwe wangu alipatwa na kiharusi, na tangu hapo hatoki kitandani. Anaishi kwetu. Mimi ndiye ninayemwogesha, kumlisha na kumgeuza usiku. Mume wangu hushinda kazini. Shemeji zangu na wifi huja Jumapili, wanaomba, wanaaga. Nilipowaomba tushike zamu, wifi akajibu, "Kila mtu na msalaba wake." Je, nikinung'unika natenda dhambi? Tena ananiambia nivue msalaba ninaouvaa shingoni, eti ni sanamu.
Mkwe aliyechoka

JIBU: Marahaba, binti yangu. Niseme ukweli, hilo jibu la wifi yako limeniudhi.

Yesu aliposema anayetaka kumfuata ajitwike msalaba wake kila siku (Luka 9:23), wasikilizaji wake hawakuhitaji maelezo. Warumi waliwatundika watumwa waasi hadharani. Mwaka 71 K.K., uasi wa watumwa ulioongozwa na Spartacus ulipozimwa, watumwa wapatao 6,000 walisulubiwa kandokando ya barabara ya Capua hadi Roma. Mfuasi wa Yesu alijua basi anaombwa nini: akubali hasara na aibu kwa ajili ya Bwana wake. Paa likiezuliwa na upepo, hiyo ni taabu tu. Na uvivu wa mashemeji si msalaba wako hata kidogo. Ni deni lao kwa mama yao.

Kumuuguza mkweo, hapo sawa, hilo unaweza kuliita msalaba, kwa kuwa umekubali kwa upendo. Lakini kuita hivyo ni haki yako wewe. Yeye aliyekaa pembeni hana ruhusa ya kukutwika kisha akuhubirie.

Najua kuna atakayenikumbusha Simoni Mkirene, aliyeshurutishwa kuubeba msalaba wa Yesu. Alishurutishwa na askari, ndiyo, wala sioni fahari ya mtu kujifananisha na askari wale. Mimi katika habari hiyo naona jambo jingine: Yesu mwenyewe alibebewa msalaba njiani. Wewe ni nani usisaidiwe?

Kisha msomeeni wifi Yohana 19:26-27, taratibu. Yesu yuko juu ya mti, pumzi inamwishia, na bado anahakikisha mama yake ana wa kumtunza. Anamkabidhi kwa mwanafunzi aliyempenda, naye anamchukua nyumbani kwake tangu saa ile. Huyo ndiye Msulubiwa ambaye wifi yako anamtaja ili amkwepe mama yake mzazi! Waliotumia dini namna hiyo Yesu aliwakemea waziwazi, soma katika Marko 7 habari ya Korbani, yaani mali iliyotajwa kuwa ya Mungu ili mtu asiwasaidie wazazi wake.

Kunung'unika? Yesu alilia msalabani kwa maneno ya Zaburi ya 22, akauliza mbona ameachwa. Mlilie Mungu bila hofu.

Ila malalamiko ya zamu yapelekwe panapohusika, na mpelekaji awe mumeo, si wewe. Wale ni ndugu zake. Awaite, awaeleze kwamba mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi asipate vidonda, na kwamba hakuna mtu mmoja awezaye hilo usiku kucha, wiki baada ya wiki. Kila mmoja ataje usiku wake palepale. Asiyeweza kulala hapo achangie malipo ya msaidizi. Sala ya Jumapili iendelee, baada ya kufua mashuka.

Kuhusu mkufu, sitakawia. Tertuliano, mwandishi Mkristo wa kale, mwanzoni mwa karne ya 3, anaandika kwamba Wakristo walijichora ishara ya msalaba kwenye paji la uso wakitoka, wakivaa, wakila, wakienda kulala. Ishara hiyo ni ya zamani kuliko ugomvi wenu. Huusujudii, huufanyi hirizi, uvae. Uvue tu unapomwinua mama, usije ukamkwaruza.