Maswali Yenu: Kifaa Kitende, Kipendekeze au Kinyamaze?

SWALI: Natengeneza programu ya simu inayoweka pembeni jumbe ambazo mtumiaji hazihitaji. Kwenye majaribio inapatia mara 9 katika 10, lakini wengi wanaizima ndani ya wiki moja. Tatizo ni nini?

JIBU: Ndugu msomaji, acha asilimia, hesabu makosa anayokutana nayo mtu kwa siku. Anayepokea jumbe 40 hupata makosa 4 kila siku. Likitokea moja tu la kumficha ujumbe aliokuwa akiusubiri, ataanza kukagua kila kitu mwenyewe, na hapo programu imemwongezea kazi.

Kizingiti, yaani kiwango cha uhakika kinachoiruhusu programu kutenda yenyewe, kipangwe kwa gharama ya kosa. Tuseme kupatia kunamwokolea sekunde 5, na kukosea kunampotezea sekunde 180 za kutafuta. Gawanya 180 kwa jumla ya zote mbili, 185: unapata karibu 0.97. Modeli, ile sehemu ya programu iliyofundishwa kwa data ili ikisie, isipofikia uhakika huo, isihamishe kitu. Kati ya 0.6 na 0.97 hivi, iweke alama ndogo kando ya ujumbe, mtumiaji aguse akikubali. Chini ya hapo inyamaze.

Usiiamini namba ya modeli kabla ya kuikagua. Chukua data ambayo haikutumika kuifundisha, kusanya makisio yote iliyoyapa kuanzia 0.95 kwenda juu, uhesabu yaliyo sahihi. Ukikuta 85 katika 100, inajiamini kupita kiasi, kama ifanyavyo mitandao mingi ya neva (aina mojawapo ya modeli), na kizingiti chako hakina maana mpaka urekebishe.

Kinachowaudhi watu zaidi ya kosa lenyewe ni kusahihisha bure. Mtu akirudisha ujumbe, mtumaji huyo aheshimiwe papo hapo kwa kanuni ya kawaida. Usingoje modeli ifundishwe upya. Kitufe cha “Tendua” kinachotoweka baada ya sekunde 3 hakimfai aliyekuwa akitazama kwingine, kwa hiyo weka pia orodha ya yote yaliyofanywa leo, kila moja na sababu yake: “Hujawahi kufungua ujumbe wa mtumaji huyu.” Kile kibanio cha karatasi cha Office 97, kikaragosi cha kutoa msaada katika programu za Microsoft, kilichukiwa kwa kujitokeza tena na tena mbele ya watu waliokwisha kukikataa. Kufikia Office XP, mwaka 2001, kilikuja kikiwa kimezimwa.

SWALI: Nataka kutengeneza msaidizi wa sauti, lakini modeli bado sina. Naweza kuwajaribisha watu?

JIBU: Ndiyo, tena tunakusihi ufanye hivyo kwanza. Mweke mtu chumba cha pili, asikilize na kujibu kana kwamba yeye ndiye mashine. Mwandalie majibu 30 au 40 na umkataze kutunga mengine, la sivyo msaidizi wako atakuwa na akili ya binadamu na jaribio litakudanganya. Panga mapema zamu za kukosea, kwa mfano moja katika kila 10, kisha angalia mshiriki anafanya nini baada ya kosa: anarudia maneno yale yale, anayabadilisha, au anakata tamaa? Jibu likichelewa zaidi ya sekunde 1, itoke ishara kwamba kazi inaendelea.

Washiriki 5 kwa awamu wanatosha. Rekebisha, kisha waite wengine 5. Omba ridhaa ya kurekodi kabla ya kuanza, na waeleze siri ya chumba cha pili mkimaliza. Sentensi walizosema ndizo data yako ya kwanza ya kufundishia.

SWALI: Je, msaidizi aulize “Una uhakika?” kila mara?

JIBU: Hapana. Watu huzoea na kujibu “ndiyo” bila kusikiliza. Aseme alichoelewa, “Namtumia dada picha 3,” kisha aache nafasi ya kumzuia. Swali libaki kwa yasiyorudi nyuma, kama kulipa au kufuta kabisa.