Usipige lipu ya saruji juu ya ukuta uliolowa

SWALI: Maji ya mvua yaliingia nyumbani kwetu wilayani Bahi, yakasimama siku mbili kufikia magotini. Nyumba ni ya tofali mbichi juu ya msingi wa mawe. Fundi anataka apige lipu ya saruji wiki hii ili kuta zisibomoke. Je, mchanganyiko uweje?

JIBU: Ndugu msomaji, kabla ya kuulizia mchanganyiko, mwambie fundi wako aweke mwiko chini. Swali hili hunifikia kila msimu wa mvua, na kila mara anayeuliza ameshanunua saruji.

Tofali mbichi likinywa maji hulainika, na nguvu yake hairudi mpaka maji hayo yatoke. Lipu ya saruji huyafungia humo humo: nje ukuta unang'aa, ndani tofali linazidi kulegea, huku chumvi ya ardhini ikipanda na unyevu na kuisukuma lipu mpaka ibanduke. Niliwahi kugonga lipu ya miezi minane ikalia kama debe tupu. Nilipoibomoa, safu tatu za chini zilichoteka kwa kijiko.

Hameni kwanza, mtegemeze paa kwa mirunda, mbandue lipu yoyote ya zamani kupita alama ya maji, kisha muuache upepo ufanye kazi. Msiwashe moto ndani, kwa kuwa ukuta unaokaushwa kwa haraka hupasuka. Bandika kipande cha nailoni ukutani jioni, ukizibe kingo zake. Asubuhi kikiwa na matone kwa ndani, bado. Huenda mkangoja hadi kiangazi. Hapo ndipo mtabadilisha safu za chini kwa tofali za kuchoma, kipande kifupi kwa kipande, na kukandika kwa udongo au chokaa, ambavyo hupitisha unyevu. (Wazee wa Ugogo waliokandika tembe zao kwa udongo hawakuwa wajinga.)

Wanaonichosha ni hawa mafundi wanaofika na bodaboda maji yakiwa bado uani, wakiuza lipu na chupa za "dawa ya ukuta". Hupenda saruji kwa sababu inakauka haraka nao wanalipwa haraka. Ukuta unapoanguka, wao wako kijiji kingine. Fundi anayetaja bei kabla hajainama kuuchokonoa ukuta kwa msumari pale chini, msimpe hata ya maji.

Nanyi mlio kwenye udongo mweusi wa mbuga, mkiona ufa unaokwenda mshazari kutoka kona ya dirisha, msingi umecheza. Huo hauzibwi na lipu ya aina yoyote, wala asilale mtu humo kabla msingi haujafukuliwa na kukaguliwa.