Mota kali au baiskeli inayoshika njia?

Maswali ya wasomaji: baiskeli za mlima za umeme

Barua za safari hii zimetoka Goba, Kibamba, Mbagala na Kigamboni. Kabla ya kuzijibu tuelewane maneno matatu. Wati ni kazi ambayo mota inaifanya kila sekunde. Torki, inayopimwa kwa Nm (newton-mita), ni nguvu ya kusokota ekseli. Wati ndizo zinazokupa mwendo mlimani. Torki ndiyo inayokung'oa pale uliposimama. Wh, yaani wati-saa, ni kiasi cha umeme ambacho betri inabeba.

SWALI: Ndugu wahariri, salaam. Nina kilo 80. Jumamosi tunapanda Pugu hadi Kisarawe na kushuka kwa njia za msituni. Nimewekewa baiskeli mbili, zote zina mota ya katikati, ile inayokaa penye pedeli. Moja ni ya Nm 85, betri Wh 630, uzito kilo 25. Nyingine ni ya Nm 50, betri Wh 360, kilo 18. Bei zinakaribiana. Wenzangu wote wanasema nichukue ya 85. – Msomaji, Goba

JIBU: Ndugu yetu wa Goba, tuanze na hesabu. Ukipanda mwinuko wa asilimia 10, yaani mita 10 juu kwa kila mita 100, kwa km 12 kwa saa, wewe na baiskeli ya kilo 25 mnahitaji kama wati 410 kwenye tairi la nyuma. Ukiwa juu ya ile ya kilo 18 mnahitaji kama 385. Tofauti ni wati 25 tu. Kwa hiyo kilo saba hazikuumizi wakati wa kupanda, mradi mota ipo. Zinaumiza kwingine, na tutafika huko.

Tuseme miguu yako inatoa wati 120. Mota inabaki na kazi ya wati 265 hadi 290. Mota za daraja la Nm 50, mfano TQ HPR50, mwisho wake ni wati 300, kwa hiyo itapanda ikiwa imekazana muda wote. Mota ya Nm 85 kama Bosch Performance Line CX, ambayo kilele chake kwa toleo la Nm 85 ni wati 600, itapanda kwa nusu ya uwezo wake. Wenzako wana hoja hapo, wala si ndogo.

Ila tazama unakokwenda. Vilima vya Pugu havifiki mita 400 juu ya usawa wa bahari. Vipando vyake ni vikali lakini vifupi. Tena udongo wake una kaolini, ule mweupe laini, na mvua ya masika ikishaupiga unateleza kama sabuni. Hapo torki kubwa inakugeuka. Ukikanyaga pedeli kwa hatua ya juu ya msaada, yaani mota imewekwa ikusaidie kwa nguvu zake zote, tairi la nyuma linazunguka robo duara huku baiskeli haijasogea hata kiganja, na ukiliangalia utaona meno yake yote yamejaa udongo mweupe, limekuwa laini kama limepakwa chokaa. Kuongeza nguvu wakati huo ni kuchimba shimo. Kinachokutoa ni tairi lenye meno marefu yaliyoachana, upepo mdogo, na mota inayoitikia mguu taratibu.

Sasa zile kilo saba. Utazihisi unaposhuka: kwenye kona kali tairi la mbele linasukumwa nje, breki zinachukua mita zaidi kukusimamisha, mzizi uliotaka kuuruka unaugonga. Utazihisi pia kwenye gogo lililoanguka njiani, unapolazimika kuibeba baiskeli begani. Uzito huo, tena, hautoki hasa kwenye mota. TQ hiyo ina kilo 1.85, na DJI Avinox iliyotoka 2024 inatoa Nm 105 kwa kilo 2.52 tu. Kilo nyingi zinatoka kwenye betri na kwenye fremu iliyonenepeshwa ili iibebe. Muuzaji akikusifia mota, muulize betri ina kilo ngapi na imelala wapi. Betri iliyokaa chini, karibu na pedeli, haisumbui kama ile iliyopandishwa juu kuelekea usukani.

Kwa mtu wa kilo 80 anayezunguka Pugu na Kisarawe tunachagua ile ya kilo 18 bila kusita. Ungekuwa na kilo 100, au unabeba mzigo, au safari zako ni za milima ya Usambara, tungesema vingine. Kule, kutoka Mombo hadi Lushoto ni kama km 33 na unapanda karibu mita 1,000. Ukitoa mchango wa miguu na kuongeza kinachopotea ndani ya mota, betri itatoa kama Wh 300 kwa kwenda tu. Ukiwa na Wh 360 utaingia Lushoto betri ikiwa tone.

Kabla ya kulipa, jaribu mambo mawili palepale dukani. Chora nane kwa baiskeli kwenye nafasi ya mita nne, polepole, mota ikiwa kwenye hatua ya juu. Ikikurusha mbele kila unapogusa pedeli, msituni itakurusha kwenye mti. Kisha endesha kwa km 15 kwa saa na usimamishe miguu ghafla. Mota ikiendelea kusukuma nusu sekunde tu, imekupeleka mita 2 usizozitaka. Baadhi ya mota hufanya hivyo kwa makusudi ili zikuvushe kwenye mwamba, nazo ni nzuri, ila lazima uwe na hatua nyingine isiyofanya hivyo.

Ukibaki na pesa, ipeleke kwenye breki: kaliper (vibanio vya diski) za pistoni nne, diski ya mm 203 mbele na isiyopungua mm 180 nyuma. Upepo, kwa tairi la upana wa inchi 2.4 lisilo na tyubu, anza na psi 22 mbele na 25 nyuma. Lenye tyubu ongeza nne au tano, la sivyo tyubu itabanwa na rimu na kutoboka matundu mawili sambamba.

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni mama. Kijana wangu amenunua mota ya nyuma ya wati 1,000, ile ya ndani ya habu (kitovu cha gurudumu), akaifunga kwenye baiskeli yake ya kawaida ya mlima yenye fremu ya alumini. Tangu hapo spoki mbili zimekatika, na akipanda mlima nyuma kunalia "tak, tak". Fundi anasema ni kawaida. Anakwenda nayo chuo kila siku. – Msomaji, Kibamba

JIBU: Shikamoo mama. Si kawaida. Tunaomba baiskeli hiyo ilale ndani mpaka yafuatayo yafanyike.

La kwanza ni huo mlio. Ekseli ya mota ya habu haizunguki. Imekaa kwenye mkato wa fremu, na imechongwa pande mbili bapa ili isizunguke. Mota inaposukuma tairi mbele, ekseli yenyewe inasukumwa kurudi nyuma kwa nguvu ileile. Mota ikitoa Nm 60, zile kingo za milimita chache zinabeba zaidi ya kilo 500. Fremu ya chuma inavumilia kwa muda. Alumini inaanza kulika, mkato unapanuka, ekseli inacheza, na huo mchezo ndio "tak" unayoisikia. Siku moja mkato utapasuka: ekseli itazunguka, nyaya zitajisokota na kukatika, na tairi linaweza kuchomoka. Mwambie kijana afungue nati na atazame mkato kwa tochi. Akiona ufa, hata mwembamba kama unywele, fremu hiyo isifungwe mota tena, wala isichomelewe. Kama ni nzima, afunge vyuma vya kuzuia ekseli pande zote mbili: ni bapa za chuma zenye tundu linaloibana ekseli, upande wa pili zinafungwa kwenye bomba la fremu kwa bolti. Nati za ekseli zikazwe kama Nm 40, na zikaguliwe baada ya safari ya kwanza.

Spoki zinakatikia shingoni, karibu na habu, na mara nyingi sababu ni kulegea. Spoki iliyolegea inakunjwa na kunyooshwa kila mzunguko wa tairi mpaka chuma kinachoka. Kubadilisha mbili zilizokatika hakutoshi. Gurudumu zima likazwe upya na kunyooshwa, kisha likazwe tena baada ya km 50 na baada ya km 200. Fundi ajaribu kwa kuzipiga moja moja kwa bisibisi: za upande mmoja zitoe sauti inayofanana. Inayotoa sauti nzito imelegea.

Kuna la breki, na hili ndilo linalotuogopesha zaidi. Baiskeli ya kawaida iliundiwa mwendo wa km 20 kwa saa. Mota hiyo inaifikisha 40, na kwa mwendo maradufu kazi ya breki inakuwa mara nne. Kama bado ana zile breki za mipira zinazobana rimu, zitolewe. Aweke diski za mafuta ikiwa fremu na foku (uma unaoshika gurudumu la mbele) zina masikio ya kuzifungia, na kila mkono wa breki uwe na swichi inayokata mota ukivutwa. Seti nyingi za bei nafuu zina sensa inayojua tu kwamba pedeli inazunguka, haijui mguu umekanyaga kwa nguvu kiasi gani. Bila swichi hiyo mota inaweza kusukuma huku yeye anafunga breki.

Mota ya daraja hilo ina kilo 5 na kuendelea, zote zimekaa ndani ya gurudumu la nyuma. Kila shimo la barabara linaipiga rimu kwa uzito huo. Kwenye lami ya kwenda chuo anaweza kuishi nayo, akiwa mwangalifu. Kwenye njia za vilima asiipeleke kabisa: gurudumu zito halitulii chini, linarukaruka, na ikipanda mlima mrefu chini ya km 10 kwa saa mota inachemka, kwa sababu umeme mwingi unageuka joto badala ya mwendo. Akiigusa na mkono ukashindwa kuvumilia, imeshapita kiasi.

SWALI: Nina mota ya katikati ya kufunga mwenyewe, volti 48, kontrola (kile kifaa kinachoipimia mota umeme) ampia 22. Nguvu ninayo, lakini nimekata cheni tatu tangu Januari. Ninunue cheni gani? – Msomaji, Mbagala

JIBU: Cheni si mkosaji. Volti 48 mara ampia 22 ni zaidi ya wati 1,000, na sehemu kubwa ya nguvu hiyo inapita kwenye cheni iliyotengenezwa kwa miguu ya mtu. Inakatika unapobadilisha gia huku mota inavuta: cheni inapanda sproketi, lile gurudumu la meno, kwa ubavu, pini inang'olewa. Ingia kwenye mipangilio ya kontrola ushushe ampia hadi 15, yaani wati 720. Utapoteza karibu theluthi moja ya nguvu hiyo mlimani. Ukibadilisha gia, lainisha mguu kwanza, au funga sensa ya gia kwenye waya wa gia, itakata mota kwa muda mfupi peke yake. Kisha nunua cheni ya baiskeli za umeme na upime uchakavu wake kwa kipimo: ikirefuka asilimia 0.5, badilisha, kabla haijakulia sproketi.

Usianze kuondoka ukiwa kwenye sproketi ndogo kabisa ya nyuma. Hilo peke yake huua cheni nyingi.

SWALI: Huku kwetu Kigamboni ni mchanga mtupu. Baiskeli yangu ya Nm 85 inakwama ambapo watu wa baiskeli za kawaida wanapita. Je, nitafute mota kubwa zaidi? – Msomaji, Kigamboni

JIBU: Hapana, dada au kaka, usiongeze mota. Mchanga mkavu hauna kitu cha kushika. Tairi likizunguka kwa nguvu linazika lenyewe. Wanaopita wanapita kwa sababu miguu yao inasukuma kidogo kidogo. Shusha msaada hadi hatua ya chini, weka gia nyepesi uzungushe miguu haraka, sogea nyuma kidogo kwenye kiti, na uache usukani uyumbe wenyewe bila kuushindilia. Breki ya mbele usiiguse. Ukiona umeanza kuzama, acha kukanyaga na ushuke.

Tairi ndiyo yenye faida kubwa kuliko yote. Upana wa inchi 2.6, lisilo na tyubu, psi 16 mbele na 18 nyuma kwa mtu wa kilo 75. Ukirudi kwenye lami jaza hadi 24, usiende na upepo mdogo kwenye mashimo, utavunja rimu.

Kisha chumvi. Upepo wa bahari na mchanga vinaila baiskeli ya umeme kuliko kilima chochote. Ukirudi, isuuze kwa maji ya ndoo na kitambaa, betri ikiwa bado imefungwa mahali pake ili izibe soketi; mashine ya kuoshea magari inasukuma maji hadi ndani ya beringi za mota. Ikikauka, toa betri, futa pini za shaba kwa kitambaa kikavu, na angalia rangi yake. Zikiwa na ukungu wa kijani, zisafishe kwa brashi laini na dawa ya kusafishia soketi za umeme, kisha zipake grisi ya soketi kwa unyembamba kabisa. Baiskeli nyingi zinazokuja kwa fundi wa pwani zikiwa "zimekosa nguvu" zina mota nzima na pini za kijani.