Tumbo Dogo Usilijaze Uji: Niliyojifunza Baada ya Kupunguza Tumbo

Mwezi wa nne baada ya upasuaji nilikuwa nimeshuka kilo 31, na kila niliyekutana naye Kariakoo alinishika mkono akaniambia nimependeza. Mimi natabasamu, huku nimeegemea kaunta ya duka kwa sababu miguu haina nguvu. Asubuhi nikichana nywele, kitana kinajaa. Nikipanda ngazi kwenda stoo, moyo unadunda kama nimekimbizwa. Nilipokwenda kupima, damu ilikuwa 8, yaani pungufu. Daktari akaniuliza, "Mama, tangu asubuhi umekula nini?" Nikamjibu bila wasiwasi: uji, chai ya maziwa na biskuti mbili. "Na jana?" Uji, chai, mtori kidogo jioni.

Hakunigombeza. Alichukua karatasi akaandika vyakula vyangu vyote vya siku mbili, halafu akaniomba nimwonyeshe chenye protini. Kulikuwa na maziwa ya kwenye chai, basi.

Naandika haya kwa ajili yako uliyefanyiwa upasuaji huu au unayejiandaa, hasa kama unaishi hapa Dar, kwa sababu karatasi ya lishe niliyopewa siku ya kuruhusiwa ilikuwa na vyakula ambavyo sokoni kwetu sivioni. Mimi si daktari. Masharti ya daktari wako ndiyo ya kufuata, na pale ninapotofautiana naye, msikilize yeye.

Mimi nilifanyiwa ule wa kukata mfuko wa tumbo kwa urefu. Karibu robo tatu ya mfuko au zaidi huondolewa, unabaki mwembamba kama ndizi. Wengine hufanyiwa baipasi: daktari hutengeneza kifuko kidogo sana juu, akakiunganisha na utumbo mdogo, chakula kikawa kinaruka sehemu yake ya mwanzo. Wapo pia waliowekewa puto, ambalo halikati kitu na baada ya miezi kadhaa hutolewa. Kwa hiyo shoga yako wa puto akikwambia yeye anakula hivi na vile, mwache na masharti yake.

Ile sehemu ya tumbo inayoondolewa ndiyo inayotengeneza kwa wingi homoni ya njaa. Ndiyo maana miezi ya kwanza sikusikia njaa hata kidogo, nikadhani nimepona kabisa tabia ya kula. Lakini mtu asiyesikia njaa hula kile kinachoteleza. Uji unateleza, chai inateleza, biskuti iliyochovywa kwenye chai inateleza. Samaki anataka kutafunwa, maharage yanataka subira, yai likipita vibaya linakaa kifuani. Basi bila kukusudia nikahamia kwenye vinavyoteleza. Nafasi yangu yote tumboni ilikuwa kama nusu kikombe cha chai. Nikiijaza uji wa sembe, mlo umekwisha, na mwili umepata wanga na maji. Kilo zilishuka, ndiyo, ila nilizokuwa napoteza hazikuwa mafuta peke yake, nyama za mwili nazo zilikuwa zinakwenda.

Mtaalamu wa lishe aliniwekea gramu 60 za protini kwa siku, zisipungue. Nilipozisikia nilikata tamaa, nikaona nitazipitishia wapi. Dawa yake ilikuwa kuacha kupanga chakula kwa sahani na kuanza kukipanga kwa gramu. Yai moja lina kama gramu 6. Kikombe cha mtindi usiotiwa sukari kina kama 8. Kipande cha samaki aliyepikwa cha gramu 100, karibu na ukubwa wa kiganja bila vidole, kina 20 na zaidi, lakini hicho sikukimaliza kwa mara moja mpaka mwaka ulipokaribia kuisha, nikawa nakigawa mara mbili. Nusu kikombe cha maharage yaliyopikwa, 7 hivi.

Aliyeniokoa ni dagaa. Nanunua wale wakavu, natoa vichwa, naosha mchanga mpaka maji yawe meupe, naanika juani, kisha nawakaanga bila mafuta kwenye sufuria mpaka wavunjike kwa vidole. Nawasaga, naweka unga wake kwenye chupa yenye mfuniko. Kijiko kimoja cha chakula kikikorogwa kwenye mchuzi wa nyanya au mboga ya mchicha, protini inaongezeka bila tumbo kujua. Kwa vile wanasagwa na mifupa yao, kalsiamu nayo imo. Gharama yake mtu wa kipato cha kawaida anaimudu, wakati kopo la unga wa protini wa dukani wengi wetu hatuliwezi kila mwezi.

Wiki za mwanzo, kabla ya kuruhusiwa kutafuna, hali ni tofauti na usiharakishe. Kwangu ilikuwa wiki mbili za vimiminika, zikafuata za vilivyosagwa, halafu vilivyo laini, na karibu wiki ya nane ndipo nikarudi kwenye chakula cha kawaida. Kipindi cha vimiminika mume wangu alikuwa anashuka soko la samaki la Feri alfajiri kuleta samaki aina ya changu, tunachemsha na kitunguu na ndimu, tunachuja, nakunywa supu yake kwa kijiko. Kipindi cha kusaga, choroko na maharage nilikuwa nayachemsha mpaka yavurugike, kisha nayapitisha kwenye chujio ili maganda yabaki juu. Uji siukatazi kabisa. Uji wa ulezi uliotiwa maziwa na karanga zilizosagwa laini una la kukupa. Ninaoukataa ni ule mweupe wa sembe na sukari, unaokunywa kwa sababu tu hausumbui.

Nikueleze sasa kuhusu kukwama, maana hakuna aliyenieleza. Baada ya kuruhusiwa chakula kigumu nilikwenda kwenye shughuli kwa wifi yangu, Magomeni. Pilau limepakuliwa kwenye sinia, watu mazungumzo, nikatwaa tonge moja na kipande cha nyama, nikameza huku nacheka. Haikupita dakika mbili kifua kikabana hapa katikati, kama kuna mtu ameweka ngumi ndani. Mate mazito yenye povu yakaanza kujaa mdomoni, nikitema yanarudi. Nilisimama nyuma ya nyumba karibu na karo kwa muda mrefu, nimeinama, wifi ananishika mgongo anauliza kama aite bajaji twende hospitali. Mwishowe lile tonge lilirudi jinsi lilivyoingia, punje za mchele nzima nzima. Niliona kwa macho yangu kwamba sikuwa nimetafuna.

Tangu siku hiyo nakula kwenye kisahani cha chai kwa kijiko cha mtoto. Natia kidogo mdomoni, naweka kijiko chini, natafuna mpaka chakula kiwe laini kabisa, nameza, nasubiri. Mlo wangu unachukua kama nusu saa. Naanza na samaki, yai au nyama, nafuata mboga, wanga unakuja mwisho kama nafasi ipo, na mara nyingi haipo. Wali mkavu, chapati na mkate laini vinanisumbua mpaka leo kwa sababu vinagandamana tumboni. Kuku wa kisasa sehemu ya kidari, akikauka, usimjaribu bila mchuzi. Na ukisikia tumbo limejaa, au kile kikwikwi kimoja kinachokuja ghafla, acha hapo hapo, hata kama kimebaki kijiko kimoja. Kwa sisi tuliolelewa kuambiwa tumalize chakula, hili linauma, lakini kijiko hicho ndicho kinachotapisha.

Maji yana saa zake. Sinywi wakati wa kula, na nikishakula nasubiri dakika 30. Kwa joto la Dar la Januari na Februari hilo ni zito, kwa hiyo chupa natembea nayo na nakunywa funda dogo dogo siku nzima, nifikishe lita moja na nusu. Ukisubiri kiu umechelewa, kwa sababu huwezi tena kugida glasi nzima kwa pamoja. Soda niliiacha, gesi yake inaumiza na sukari yake haina kazi. Juisi ya miwa pia. Mwenzangu tuliyelazwa wodi moja, yeye wa baipasi, alikunywa glasi moja kituoni, na kabla hajapanda daladala jasho lilikuwa linamtiririka, moyo unamwenda mbio, tumbo linamkata, akalazimika kutafuta choo cha watu. Sukari nyingi ikimwagika ghafla kwenye utumbo hufanya hivyo. Wa baipasi huwapata zaidi, ingawa hata sisi wengine hatujaepukana nayo.

Vidonge vya vitamini na madini ni vya maisha yote. Nasisitiza kwa sababu nimeona wengi wanaviacha wakishapendeza. Vitamini B12, madini ya chuma, kalsiamu na vitamini D mwili hauvipati vya kutosha kwa chakula kidogo hiki, na B12 hasa inategemea tumbo lenyewe ili inyonywe. Chuma na kalsiamu usivimeze pamoja, viachane kwa saa mbili angalau, kwa sababu kalsiamu inazuia chuma. Chai nayo inakizuia. Mimi niliyekuwa nakunywa chai asubuhi, saa nne na jioni, nilikuwa nameza vidonge vya damu kwa chai ya rangi. Siku hizi chuma nakinywa kwa maji yaliyokamuliwa ndimu, chai inasubiri. Ratiba yangu ya kupima damu ilikuwa mwezi wa 3, wa 6 na wa 12 baada ya upasuaji, na sasa kila mwaka. Nywele zilizotoka zilianza kurudi taratibu baada ya damu na protini kukaa sawa.

Dawa za maumivu tulizozoea kununua kiholela, diklofenaki na ibuprofeni, zinaweza kukutoboa vidonda tumboni, uliza kwanza. Na dada uliye kwenye umri wa kuzaa, ujue uzito ukishuka mimba hushika kwa urahisi zaidi, wakati madaktari wanashauri ungoje mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Ongea nao mapema kuhusu njia ya uzazi wa mpango, maana vidonge huenda visikufae, hasa kwa baipasi.

Ramadhani ya kwanza sikufunga. Daktari alisema wazi kwamba kuanzia magharibi hadi daku nisingeweza kuingiza maji na protini ya kutosha kwa mafunda yangu. Nililia, sikufichi. Siku zile nilizilipa mwaka uliofuata kwa ruhusa yake, moja moja, miezi ya kipupwe.

Watu watakuuliza kama unaumwa. Kwetu mtu akikonda haraka maneno huanza, na mama mkwe wangu alikuwa ananiongezea chakula kwa huruma. Siku moja nilimkalisha jikoni nikamwambia, "Mama, tumbo langu sasa linachukua kiasi hiki," nikamwonyesha kile kisahani. Alikitazama kwa muda. Tangu siku hiyo, nikienda kwake Mbagala, ananitengea kipande cha samaki pembeni, ameshatoa miiba.

Jambo la mwisho, na tafadhali lishike. Kutapika mara moja baada ya kula haraka hutokea. Kutapika siku baada ya siku, au kushindwa kuweka hata maji, si kawaida: mwili unaishiwa vitamini B1 haraka na hilo hudhuru mishipa ya fahamu na ubongo. Vivyo hivyo homa, mapigo ya moyo kwenda kasi au maumivu makali ya tumbo wiki za mwanzo, na kuzimia au choo cheusi wakati wowote. Ukiona lolote kati ya hayo nenda hospitali hapo hapo, waambie umefanyiwa upasuaji wa tumbo na ni wa aina gani. Usikae kunitumia ujumbe ukasubiri nijibu.