Kabla hamjaufunga mwamba, andikeni mpaka

Juzi walinipigia simu jamaa wa shehia moja ya Unguja. Wanataka kufunga mwamba wao kwa ajili ya pweza, yaani asivuliwe kwa muda mpaka akue, na wameambiwa mimi ni katibu wa kamati ya wavuvi huku Mkoani, Pemba, na tushafunga mara kadhaa. Nikawauliza: mpaka wenu mmeuandika wapi? Wakacheka. "Dada, mpaka kila mtu anaujua."

Na sisi tulisema hivyo hivyo.

Mara ya kwanza tulifunga kwa mdomo. Tulikwishaona wenzetu wa Kisiwa Panza walivyofanya, miezi mitatu hakuna anayegusa pweza, na tukaona walivyorudi na mizigo siku ya kufungua. Hapana uchawi hapo. Pweza hukua haraka mno, na jike hutaga mara moja tu maishani, akakaa pangoni kulinda mayai mpaka yaanguliwe, kisha akafa. Ukimtoa kabla, umekwenda na kizazi chote. Basi sheha akatangaza msikitini baada ya sala ya Ijumaa, tukaona yamekwisha.

Wiki ya saba, siku ya bamvua, maji yakitoka mbali na mwamba umekauka vizuri, ikaingia mashua ya dago, wale wavuvi wa mbali wanaopiga kambi ya msimu, na wazamiaji wanane. Vijana wetu wakawaleta dikoni, pale vyombo vinaposhusha samaki, na tenga mbili za pweza. Kituoni tukaulizwa kosa lao. Nyavu za kukokota hawana, baruti hawana, bunduki ya kuzamia hawana. Vitu hivyo vimekatazwa na kila mtu anajua. Wameingia eneo lililofungwa, nikasema. "Limefungwa na nani? Linaanzia wapi?" Nikataja majina ya miamba kama nilivyoyapokea kwa bibi yangu. Afisa akatandika ramani mezani. Halikuwemo hata jina moja. Jioni ile wageni wakaondoka, na pweza wao.

Nilikasirika, lakini baadaye nikaona yule afisa hakukosea. Makubaliano yetu yalitufunga sisi tunaosalimiana. Mtu wa mbali hakuwamo.

Basi fanyeni hivi. Siku ya bamvua chukueni mashua, msimame juu ya kila pembe ya eneo, na simu ziwasomee nambari za mahali. Awemo bwana diko, msimamizi wa diko lenu, na awemo sheha wa shehia jirani, maana kesho ndiye atakayesema mmemega bahari yake. Tieni maboya. Kisha pelekeni kanuni zenu kwa maofisa wa uvuvi, zisomwe, zirekebishwe, zitiwe saini na muhuri. Msingi wake ni Sheria ya Uvuvi Namba 7 ya 2010. Iombeni mkaisome wenyewe, msisimuliwe. Sisi tulizungushwa miezi mitano, nauli juu yetu.

Jambo la pili linaniuma zaidi. Kikao chetu cha kwanza kilikuwa na wanaume tisa, na mimi niliitwa kwa sababu nina mwandiko mzuri. Wote tisa wana vyombo. Mwamba ukifungwa wanakwenda mkondoni. Anayeukanyaga mwamba ule kwa miguu, na kijiti mkononi, ni mama mjane anayetafuta kitoweo na ada ya mtoto. Tulimfungia yeye, na hakuulizwa. Mara ya pili wanawake walikuwemo sita, nao ndio waliosema ukanda wa karibu na ufuo uachwe wazi. Nani angewaza hilo katika wale tisa?

Mkikamata mtu, msimpige, wala msichome chombo wala nyavu zake. Mkichoma, washitakiwa ni nyinyi. Pigeni picha nambari ya usajili wa chombo, pimeni samaki mbele ya mashahidi, andikeni saa. Samaki huoza kabla ya kesi kutajwa, picha haiozi.

Wengine wananiuliza kuhusu ule mkataba wa kimataifa wa bahari kuu ulioanza kutumika Januari 2026, kama utawasaidia kuwazuia wageni. Hautawasaidia. Ule unahusu maji yasiyo ya nchi yoyote, kupita maili 200. Na meli kubwa za jodari katika maji yetu ya mbali zinasimamiwa na Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu, wenye makao yao Fumba. Mwamba wa pweza ni kazi ya kamati yenu.

Msimu wa kusi uliopita mashua ya dago ilikuja tena, safari hii na barua ya shehia yao. Nahodha aliiangalia ramani yetu pale dikoni kwa muda, akaweka kidole kwenye boya la kaskazini, akaniuliza, "Hapa panafunguliwa lini, bibi?" Nikamwandikia tarehe kwenye kiganja, maana karatasi hakuwa nayo.